Namna ya kumheshimu mtunza kumbukumbu wa mtaa angali hai: mwongozo kutoka Lubumbashi

Kila baridi ya Juni inapoingia, ujumbe huanza kufika kwenye simu yangu. "Papa yetu wa Kenya ana kaye kumi na mbili za ukoo, tumfanyie nini?" "Tumpe cheti ao pesa?" "Tuanze na komini ao na familia?" (Kenya hapa ni komini, yaani manispaa, ya mji wetu wa Lubumbashi, na kaye ni daftari.) Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Watu ninaowasema unawajua. Ni mstaafu wa mgodi anayeandika majina ya wenzake wa kambi. Ni mama wa parokia anayekumbuka nani alisimamiwa ubatizo na nani. Ni katibu wa umoja wa wana wa kijiji anayeorodhesha waliozaliwa na waliofariki, au kijana anayezunguka komini ya Katuba na simu yake akirekodi sauti za wazee. Hakuna anayewalipa. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na waliouchimba na kuujenga walitoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na vijiji vya Katanga yenyewe. Wengi wa bankambo hao, yaani mababu zetu, hawana kaburi lenye jina. Jina lao limebaki kwenye kaye ya mtu mmoja, ndani ya kasha chini ya kitanda.

Kabla ya yote shika jambo hili: heshima ya kwanza kwa mtu huyu ni kuisoma kazi yake na kuinakili. Sherehe yetu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Cheti kilikuwa na maandishi ya dhahabu, kadre ilikuwa ya mbao nzito, hotuba zilikuwa nne. Hakuna hata mmoja wetu aliyezifungua kaye za mzee. Alifariki kabla mwaka haujaisha, mvua ya Januari ikapita kwenye bati bovu ikaingia ndani ya kasha. Leo tuna picha yake ameshika cheti, na hatuna ukurasa hata mmoja wa yale aliyoyaandika kwa miaka zaidi ya ishirini. Hatua zote zinazofuata zimetokana na siku ile tulipolifungua lile kasha.

Andaa haya kwanza

- Kamati ya watu watatu, wasizidi watano. Mmoja awe mtu ambaye mzee anamfahamu tangu zamani. Mmoja awe kijana mwenye simu nzuri na subira. Mmoja awe anasoma lugha ambayo mzee ameandikia, kwa sababu kaye nyingi huanza kwa Kiswahili, zikaingia Kiluba, Kibemba au Kisanga, kisha zikamalizikia Kifaransa.
- Simu yenye kamera safi, na flashi mbili za kuhifadhia picha. Moja haitoshi.
- Penseli laini, kaye mpya, bahasha za karatasi, uzi wa pamba na kitambaa kikavu.
- Muda wa miezi miwili. Ukiwa na wiki mbili tu, fanya hatua ya 1 hadi ya 4 na uahirishe sherehe.
- Pesa kidogo za fotokopi, za kufungia kitabu, za usafiri wa mzee na mtu wa kumsindikiza, na za chakula. Changeni kwa mtindo wa likelemba, kila mtu kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi, na mmoja aandike hesabu mbele ya wote. Pesa zikipungua, punguza chakula. Fotokopi usiziguse.
- Tarehe. Mimi napenda 1 Agosti. Ni siku ya wazazi katika nchi yetu ya Congo: asubuhi watu wanakwenda kusafisha makaburi ya wazazi wao, mchana wanawakumbuka wazazi walio hai. Pia ni kiangazi, mvua haitakusumbua. Wengine huchagua 5 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wa kujitolea. Inafaa, lakini mvua zitakuwa zimeshaanza, kwa hiyo tafuta ukumbi wenye paa zima.

Hatua kwa hatua

1. Mtafute anayestahili, hata kama hajulikani.

Usiulize "mwanahistoria wa mtaa ni nani?" Utapewa jina la mtu mwenye diploma. Uliza hivi: "Familia zikibishana kuhusu ukoo, zinakwenda kwa nani?" Au: "Kwenye kilio, nani anaitwa kueleza marehemu alitoka wapi?" Uliza kwa shefu wa avenyu, kwa wastaafu wanaokaa pamoja jioni, kwa katekista wa zamani, na kwa akina mama wa soko. Majina mawili au matatu yatajirudia.

Akina mama husahaulika hapa, na ni hasara kubwa. Kwa Walamba na Wabemba ukoo hupitia kwa mama, na mara nyingi mwenye kuushika ni nyanya ambaye hajawahi kuandika neno. Yeye naye ni mtunza kumbukumbu. Kazi yake utainakili kwa sauti.

2. Nenda nyumbani kwake, na usiende mikono mitupu.

Kilo ya sukari na sabuni zinatosha. Ziara ya kwanza usitoe simu mfukoni. Kaa, sikiliza, uliza habari za nyumba. Atakayeongea awe yule anayefahamika, na aseme wazi:

"Papa, tumekuja kwa sababu ya kazi yako ya kaye. Tunaomba tuisome, na mtaa ujue umefanya nini."

Mara nyingi atajibu kwamba hajafanya kitu. Usibishane naye kwa sifa. Mwombe akuonyeshe ukurasa mmoja tu, ule anaoupenda zaidi. Nimeona wazee waliokuwa wamegoma kabisa wakikaa saa tatu wakifungua kaye moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaomba hivyo.

3. Pata ruhusa kwa sauti yake mwenyewe.

Ziara ya pili, mrekodi akijibu maswali matatu. Nani anaruhusiwa kusoma kazi hii? Kurasa zipi zifungwe, na hadi lini? Nakala ziende wapi? Asipotaka kurekodiwa, andikeni majibu, ayasikie yakisomwa, aweke sahihi au kidole mbele ya mtoto wake mmoja.

Hatua hii usiirushe hata kidogo. Kaye za ukoo zina mambo mazito: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mtu aliyebadilisha kabila ili apate kazi, nani aliingia kwenye nyumba ya nani mwaka 1992 na 1993 Wakasai wengi walipofukuzwa Katanga. Mzee aliandika kwa sababu aliona ni lazima iandikwe. Hilo halikupi ruhusa ya kuyasoma kwenye kipaza sauti mbele ya wajukuu wa waliotajwa.

4. Nakili kila kitu kabla ya kuandaa kiti hata kimoja.

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

a) Fanyieni kazi nyumbani kwa mzee. Kaye isitoke nje ya mlango. Mkiichukua hata kwa siku moja, familia itaanza kuwa na wasiwasi, na ina haki.

b) Weka meza karibu na dirisha, saa tatu au saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mwingi lakini jua lisipige moja kwa moja kwenye karatasi. Zima flashi ya kamera. Simama ili kivuli chako kisianguke juu ya ukurasa.

c) Piga jalada kwanza, kisha kila ukurasa, hata ule mtupu, hata ule wenye hesabu za unga. Mara nyingi tarehe ya kifo imeandikwa pembeni mwa hesabu za unga. Vikaratasi vilivyochomekwa katikati vipige mahali pale pale vilipo, kisha virudishe.

d) Kwenye kona ya kila ukurasa weka kikaratasi chenye namba ili kionekane kwenye picha: KATUBA, kaye 3, ukurasa 17. Usiandike namba hizo kwenye kaye yenyewe kwa bik.

e) Picha za zamani piga mbele na nyuma. Muulize mzee majina kutoka kushoto kwenda kulia huku unamrekodi. Kama nyuma hakuna maandishi na mwenyewe anakubali, andika kwa penseli laini, karibu na ukingo, bila kukandamiza.

f) Usiku huohuo hamisha picha zote kwenye flashi mbili, kisha zilale nyumba mbili tofauti.

Makosa ninayoyaona kila mara: kubandika ukurasa uliochanika kwa selotepu, ambayo itageuka ya njano na kula wino, kuitia picha kwenye plastiki ya moto, na hapo haitoki tena, kuivuta kwa nguvu picha iliyoganda kwenye albamu. Picha iliyoganda ipigwe ikiwa palepale ilipo.

Mkimaliza, msaidie mzee kulihamisha kasha. Lisiguse sakafu wala ukuta, liinuliwe juu ya matofali kwa sababu ya mchwa, na lisikae chini ya bati linalovuja. Zifute kaye kwa kitambaa kikavu, zifunge kwa uzi wa pamba, na mpira wa raba uuache. Kazi hii ya jioni moja imeokoa mengi kuliko hotuba zetu zote.

5. Andika ukurasa mmoja wa kazi yake.

Ukurasa mmoja tu. Hesabu kaye. Taja mwaka wa kuanza, alikusanya kwa nani, alizunguka wapi, na nini kingepotea bila yeye. Kisha mrudie, umsomee, arekebishe. Hakuna mara hata moja niliyorudi bila marekebisho.

Kuhusu majina, andika yote aliyowahi kuyatumia mtu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, watu wakachukua majina ya bankambo, na baadaye wengi wakarudia ya zamani. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye rejista ya ubatizo, jingine kwenye buku la kazi na jingine kwenye kaye ya familia. Usiyasawazishe ili yapendeze. Kuwa makini pia na mapacha: kwa Waluba wa Katanga ni Kyungu na Kabange, kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga, kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na Kabange watano wasio mtu mmoja. Ongeza mwaka au jina la mama ili watofautike.

Na mahali paandikwe kama mzee alivyoandika, jina la leo likifuata pembeni. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Jadotville ni Likasi. Katanga iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa mikoa minne.

6. Chagua heshima inayomfaa yeye.

Hapa swali la cheti au pesa linapata jibu lake. Zawadi bora niliyowahi kuona ni kazi yake mwenyewe: fotokopi za kaye zake, zimefungwa kitabu, jina lake kwenye jalada, nakala tatu au nne. Moja yake, moja ya familia, na nyingine, kama amekubali, ipelekwe Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi au idara ya historia ya Chuo Kikuu. Wapo wanaozijua thamani zake: miaka ya 2000 mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, aliouongoza pamoja na wenzake Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, ulikusanya simulizi za watu wa kawaida wa mji huu. Ukipeleka nakala, omba karatasi ya mapokezi yenye tarehe.

Zawadi ya pili ninayoipenda ni mchoro. Mji wetu una wachoraji wa ukumbusho tangu zamani. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima hapa hapa miaka ya 1970. Mwombe mchoraji wa mtaa amchore mzee akiwa mezani na kaye yake. Utaning'inia sebuleni na wajukuu watauliza.

Kama familia ni ya Waluba, tafuta mwimbaji wa kasala, utenzi wa sifa unaomtaja mtu pamoja na bankambo wake. Mpe majina sahihi kwenye karatasi wiki mbili kabla, na mweleze kazi ya kaye ili aisifu hiyo pia. Lakini msichongeshe lukasa ya zawadi sokoni. Ule ubao wa shanga ulikuwa wa wana wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu wa Waluba, waliousoma kwa vidole wakisimulia habari za wafalme, na ulikuwa na masharti yake. Muulize mtu wa ukoo husika kwanza.

Pesa je? Rudisha gharama zake zote za usafiri na za kaye bila aibu. Mkitaka kumpa zaidi, mpeni ndani ya bahasha, nyumbani, si jukwaani.

7. Andika maneno ya heshima kwa Kiswahili cha nyumbani.

Watu hukimbilia Kifaransa kwa sababu cheti kinaonekana kikubwa. Mwaka 1965 watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu wa mji huu waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chao, André Yav akiwa mkusanyaji, na watafiti wa dunia wanaisoma hadi leo. Kiswahili chetu kinaweza kubeba heshima ya mzee wako.

Maneno haya hayafai: "Kwa mchango wake mkubwa katika kuhifadhi utamaduni wetu." Yanaweza kusomewa mtu yeyote. Linganisha na haya, ambayo ni mfano niliotunga:

"Mama huyu aliandika kaye saba kwa mkono wake, jioni, baada ya kutoka sokoni. Aliuliza kila nyumba ya avenyu zetu tatu. Ukurasa wa kwanza una jina la mwanamke aliyeshuka kwenye treni akitoka Kasai, na mjukuu wa mwanamke huyo yuko hapa, amekaa mstari wa pili."

Sentensi tatu kama hizi zinatosha.

8. Siku yenyewe.

Saa moja na nusu, isizidi. Mzee aketi mbele, kwenye kiti chenye mgongo, pasipo jua. Upange hivi: majina ya waliotoa habari na wamekwisha kufariki yanasomwa, watu wamesimama, ukurasa mmoja wa kaye unasomwa na kijana wa mtaa, maneno ya heshima, kasala au wimbo, zawadi, kisha mzee anasema. Wakubwa wa komini wakaribishwe na wasalimiwe, lakini hotuba yao ije baada ya mzee na iwe fupi. Waambie mapema, kwa heshima, siyo siku hiyo mlangoni.

Rekodi yote. Na weka meza pembeni yenye kaye mpya na penseli. Watu wakisikia majina wanakumbuka mengine, watakuja kusema "huyo mkambo alikuwa na dada," na mtu awe pale kuandika.

9. Rudini ndani ya wiki mbili.

Mpelekee picha, nakala na yale yaliyoandikwa kwenye meza ya pembeni. Mpangieni kijana mmoja aende kwake kila Jumamosi kuendeleza kaye pamoja naye. Kijana aonyeshwe namna mzee anavyohoji, maana mzee ndiye mwalimu hapo.

Mambo yakikwama

*Anakataa sherehe.* Mwachie. Nakilini kazi kama amekubali, mpeni kitabu nyumbani mbele ya watoto wake. Wengine waliitwa kutoa ushahidi kwenye ugomvi wa viwanja na hawataki kuonekana tena.

*Familia mbili zinabishana kuhusu ukoo mmoja.* Kamati si baraza la kuamua. Andikeni masimulizi yote mawili, kila moja na jina la aliyelisema, ukurasa mmoja ukitazamana na mwingine. Siku ya sherehe msisome sehemu hiyo.

*Tarehe hazilingani.* Wazee wengi huhesabu kwa matukio: mgomo wa Desemba 1941 ambapo wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, walipigwa risasi, kujitenga kwa Katanga tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, Zaire kurudi kuwa Congo mwaka 1997. Andika "kabla ya kujitenga" kama alivyosema. Usibuni mwaka ili sanduku la fomu lijae.

*Watoto wanadai kaye zitauzwa.* Wafungulieni ile ruhusa iliyorekodiwa, wasikie sauti ya baba yao. Kaye asilia ni mali ya familia na inabaki nyumbani. Mnachotafuta ni nakala.

*Umeme umekatika.* Jaza simu jana yake, na kasala haihitaji kipaza sauti.

*Amefariki kabla ya siku.* Msifute. Wakati wa matanga haufai, nyumba imejaa na watu wana uchungu. Subirini wakati familia inapokutana kumaliza kilio, muombe nusu saa. Someni ukurasa aliowaonyesha siku ile ya kwanza, ule alioupenda zaidi, kisha kitabu kiwekwe mikononi mwa yule kijana wa Jumamosi, na kaye mpya juu yake, jina la marehemu likiwa limeshaandikwa kwenye mstari wa kwanza.